Makanisa ya Dodoma, maji ya Rufiji hayaondoki kwa wiki moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na makanisa ya Dodoma, hasa kamati zinazoandaa safari za huduma kwenda mwambao kila masika inapoleta maafa. Tangazo huwa lile lile baada ya ibada: leteni nguo, leteni unga, basi linaondoka Ijumaa. Nia ni njema na sadaka inatoka kwa watu ambao wenyewe hawana kingi. Ndiyo maana inatuuma kuona sadaka hiyo ikifika kwa wakati usio wake, ikiwa na vitu ambavyo mwathirika hawezi kuvitumia.

Chanzo kikubwa cha makosa ni kwamba sisi wa kanda ya kati tunajua mafuriko ya aina moja tu, ya korongo. Mvua inapiga vilimani, mto Kinyasungwe unafura, reli inasombwa Gulwe au Godegode, na baada ya siku mbili korongo ni mchanga mtupu. Hata maporomoko ya tope ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yalifanya uharibifu wake ndani ya saa chache. Tukisikia neno mafuriko, mawazo yetu yanakwenda huko: janga limepita, twende tukafute machozi na kusafisha.

Rufiji haiko hivyo. Maji yake hukusanywa kutoka bonde la Kilombero, ambalo peke yake linaleta zaidi ya nusu, pamoja na mito ya Luwegu na Ruaha Mkuu, ambao unapitia bwawa la Mtera hapa hapa mpakani mwa mkoa wetu na Iringa. Yakishafika tambarare ya chini, kuanzia Utete kuelekea Ikwiriri, Chumbi na Muhoro, yanatambaa. Ardhi ni bapa, delta iko mbele, na bahari inapojaa inayazuia kutoka. Kwa hiyo maji hukaa wiki kadhaa, na yanaweza kupanda wakati mvua imekwisha kukatika, kwa sababu yaliyonyesha juu bado yako njiani au kwa sababu kiasi kinachoruhusiwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere kimebadilika. Katika mafuriko ya Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walikuwa bado wako makambini Mei ilipoingia, na hapo hapo mwanzoni mwa mwezi huo kimbunga Hidaya kikapiga pwani na kukata barabara kuu ya Kusini eneo la Somanga wilayani Kilwa.

Kikundi cha watu 30 kikifika Ikwiriri siku ya tano, basi, kinakuta visima vimezama na mashamba hayaonekani. Kazi ya kuokoa watu inahitaji boti na waogeleaji, na hiyo ni kazi ya vyombo vya ulinzi, Zimamoto na Chama cha Msalaba Mwekundu. Kanisa lililotoka Dodoma linabaki kugawa mifuko na kupiga picha. Wakati huo huo wageni wale 30 wanahitaji maji. Kiwango cha chini kinachotumika kimataifa katika dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Watu 30 ni lita 450 kila siku. Hayo ni maji ya familia sita za watu watano watano, yanachotwa mahali ambapo maji safi ndiyo yaliyoadimika kuliko kitu chochote.

Pendekezo letu ni kwamba wiki ya kwanza ipelekwe fedha na bidhaa chache zilizoombwa kwa majina yake. Watu waende wiki ya tatu hadi ya sita, wawe wachache na wenye fani. Na sehemu ya sadaka itunzwe kwa ajili ya mbegu.

Kabla ya yote hayo kuna simu ya kupigwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, uratibu uko kwa kamati za maafa, na ile ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya. Idara ya Menejimenti ya Maafa ya Ofisi ya Waziri Mkuu iko hapa hapa Dodoma, hatuna sababu ya kuanza safari bila kujua nani anapokea. Andikeni barua kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkitaja idadi ya watu, aina ya mzigo, uzito na siku ya kufika. Ombeni mambo matatu: kijiji au kambi mtakayopangiwa, orodha ya kaya kwa vitongoji, na vitu vitatu vinavyopungua sana wiki hiyo. Orodha ikishapatikana, mpigieni mtendaji wa kijiji na imamu wa msikiti wa karibu na kambi. Huyu wa pili kamati nyingi humsahau, na yeye ndiye anayejua ni kikongwe gani hakuandikwa kwa kuwa alikuwa amehifadhiwa kwa mjukuu wake ng'ambo ya mto.

Sasa chakula. Hesabu inayofaa ni ya kaya ya watu watano kwa siku 14: unga wa sembe kilo 30, choroko au kunde kilo 4, mafuta ya kupikia lita 2 na nusu, sukari kilo 1 na nusu, chumvi yenye madini joto nusu kilo. Hiyo inampa kila mtu karibu kilokalori 2,100 kwa siku, ambacho ndicho kiwango kinachotumika kupanga mgao wa dharura. Kwa kaya 200 mzigo unafikia tani 7.7, yaani Fuso moja la tani kumi, na nafasi inabaki kwa maturubai. Anayegawa kilo mbili za unga kwa kila kaya ili "kila mtu apate" anaifanya kaya ya watu watano isimame foleni nusu siku kwa chakula kisichofika kesho jioni.

Tumesema choroko au kunde kwa makusudi. Maharage yanataka saa mbili au zaidi jikoni, na kambini kuni zimelowa na mkaa ni ghali. Yakiliwa nusu mabichi yanaumiza matumbo ya watoto. Choroko zinaiva chini ya saa moja. Dagaa waliokaushwa vizuri nao wanafaa. Mahindi ya punje msipeleke, mashine za kusaga zimezama au hazina umeme. Na mtama wa Dodoma, pamoja na mapenzi yetu yote kwake, si chakula cha mtu wa Rufiji. Yeye anakula wali, ugali wa mahindi na muhogo. Aliyepoteza nyumba asipewe pia kazi ya kujifunza chakula kipya.

Wengi wanapenda kununua mahindi Kibaigwa kwa kuwa soko liko njiani. Aprili si mwezi mzuri kwa jambo hilo. Mavuno yetu ya Dodoma ni Mei na Juni, kwa hiyo kilichopo sokoni Aprili ni akiba ya mwaka uliopita, bei imepanda na dumuzi wameshaingia. Kuna pia sumukuvu, na mkoa wetu hauhitaji kukumbushwa: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka au unga uliolowa kidogo na kulazwa sakafuni kwa juma moja kwenye joto la Pwani unaota kuvu. Kama lazima mnunue Kibaigwa, nunueni yaliyopimwa unyevu usiozidi asilimia 13.5, yasagwe Dodoma au Morogoro, na magunia yapangwe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Mafuta, sukari na chumvi nunueni Mbagala au Kibiti. Mnapunguza uzito wa lori, na mnamwacha muuza duka wa huko na mtaji wa kujaza tena rafu zake.

Kuna chakula kimoja ambacho tunaomba kisibebwe kabisa, nacho ni maziwa ya unga ya watoto wachanga pamoja na chupa za kunyonyea. Maji ya kuyakorogea ni machafu, chupa hazichemshwi, na mama aliyekuwa ananyonyesha anaanza kukaukiwa kwa kuwa mtoto hanyonyi vya kutosha. Mtoto huyo akiharisha, kambini anaweza kufa ndani ya siku mbili. Mlisheni mama, mpeni maji salama na mahali pa faragha pa kunyonyeshea. Kama yuko mtoto asiye na mama, mganga mkuu wa wilaya ndiye anayeamua apewe nini na nani amsimamie.

Dawa ni hivyo hivyo. Mfuko wa vidonge vilivyobaki majumbani, majina yamefutika na tarehe hazisomeki, unamwongezea mfamasia kazi ya kuteketeza taka. Kinachoweza kununuliwa bila kukosea ni pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki kwa watoto wanaoharisha, tena baada ya mganga mkuu wa wilaya kukubali, na zikabidhiwe kituo cha afya. Pakiti moja inachanganywa na lita moja kamili ya maji salama. Ikichanganywa na glasi moja inakuwa kali na kumdhuru mtoto. Pakiti zikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita moja ya maji.

Kuhusu nguo tutasema wazi. Sehemu kubwa ya muda wa watu wa kujitolea kambini inaweza kumezwa na kuchambua nguo: suti, viatu vya visigino, kiatu kimoja bila mwenzake, na marobota yaliyofungwa yakiwa na unyevu hadi yakaota ukungu. Kina mama wa Rufiji wanataka doti mpya ya khanga, ambayo ni vazi, ni mtandio wa swala, ni mbeleko na ni shuka. Wanaume wanataka msuli. Wote wanataka nguo za ndani mpya, na wasichana wanataka pedi na ndoo yenye mfuniko ya kufulia. Kwa watoto, sare ya shule ya msingi na daftari vinawarudisha darasani mapema kuliko fulana kumi za mitumba.

Maturubai yawe ya mita 4 kwa 6, yenye nyuzi zilizofumwa ndani na pete za chuma pembeni, mawili kwa kaya, moja la kuezeka na moja la chini au ukutani, pamoja na kamba ya manila mita 30. Kipimo cha nafasi ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, hivyo turubai moja linamfunika mtu na familia yake ya watano. Yale ya nailoni laini yanayouzwa kwa bei poa huchanika ndani ya mwezi kwa jua na upepo wa pwani. Chandarua kimoja kwa watu wawili, na kiende pamoja na kamba na misumari ya kukining'iniza, maana ndani ya hema hakuna boriti.

Maji ndiyo yanayohitaji maelezo marefu kuliko yote, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo kikundi kidogo kutoka mbali kinaweza kuifanya vizuri.

Katika siku za mwanzo, kila kaya ipewe madumu mawili ya lita 20 yenye mdomo mwembamba, ndoo moja yenye mfuniko na koki, na vidonge vya klorini vya miligramu 67, ambavyo kimoja kinatibu lita 20 za maji maangavu. Maji ya Rufiji wakati wa mafuriko si maangavu, yana rangi ya chai ya maziwa. Yaachwe yatuame usiku mzima, yamiminwe polepole, yachujwe kwa khanga iliyokunjwa mara nne, kisha vitiwe vidonge viwili badala ya kimoja na yasubiriwe nusu saa kabla ya kunywa. Watu wanaacha kutumia vidonge kwa sababu ya harufu, na hapo ndipo mgawaji anayetoa pakiti na kuondoka anaposhindwa. Yanywesheni mbele yao, onyesheni kwamba kumimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine mara chache kunapunguza harufu. Kwa wiki mbili, kaya moja inahitaji vidonge 60 hivi.

Maji yakishaondoka inakuja kazi ya visima. Msikimbilie kukausha kisima siku ile ile mto unaporudi kwenye kingo zake. Udongo wa pembeni bado umeshiba maji, na kisima kikimwagwa haraka kuta zinasukumwa ndani. Subirini maji ya ardhini yashuke, kisha tengenezeni kwanza kingo na sakafu ya juu, toeni tope na takataka, sugueni kuta. Pampu ya petroli isishushwe ndani ya kisima hata siku moja, na mtu asiingie wakati injini inanguruma mdomoni mwa kisima. Moshi wake hauna harufu ya kutisha lakini unaua fundi kabla hajaita.

Kisima kikijaa tena, pimeni. Kipenyo kizidishwe kwa kipenyo, kizidishwe kwa kina cha maji, kisha kwa 0.785, vipimo vyote kwa mita; jibu ni mita za ujazo. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya kina cha mita 3 kina karibu mita za ujazo 2.4. Kwa kila mita moja ya ujazo andaeni lita 10 za mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.2, yaani gramu 3 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita ya maji. Kisima chetu cha mfano kinataka lita 24, sawa na gramu 72 za unga. Umimineni, koroga kwa kushusha na kupandisha ndoo, funikeni, na kisima kisichotwe kwa saa 12. Baada ya hapo chota na kumwaga mbali na bustani na mto hadi kipimo kionyeshe miligramu 0.5 kwa lita au chini. Kipima klorini cha rangi ni kifaa kidogo cha mkononi. Asiyekuwa nacho asijiite fundi wa kutibu visima.

Unga wa klorini utiwe kwenye maji, maji yasimwagwe juu ya unga. Changanyeni nje, kwenye ndoo ya plastiki, mkivaa glavu na miwani. Na kwenye lori msiupange karibu na mafuta ya kupikia wala dizeli, kwa kuwa ukigusana na mafuta unaweza kuwaka moto. Tumeona umuhimu wa kuliandika hili kwa sababu wapakiaji huweka vyote kwenye kona moja ili visimwagike.

Kisima kilichotibiwa leo kinaweza kuchafuka wiki ijayo, hivyo vidonge vya nyumbani viendelee. Choo kiwe umbali wa mita 30 kutoka kisimani na shimo lake liishie angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Sehemu nyingi za Rufiji hilo haliwezekani kwa shimo la kawaida, kwa hiyo vyoo viinuliwe juu ya tuta au kuta za viroba vya mchanga. Choo kimoja kwa watu 20, cha wanawake na cha wanaume mbali mbali, chenye komeo kwa ndani na taa.

Kwa vijiji vya delta wilayani Kibiti, kama Salale, Mbuchi au Kiongoroni, kuna mambo mawili ambayo mtu wa Dodoma hawezi kuyabuni. Kwanza, kule hufiki kwa saa yako. Boti zinafuata maji kujaa na kupwa, na tofauti ni kubwa zaidi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka. Mkichelewa saa mbili, mzigo unalala kwenye tope la mikoko. Nahodha wa huko ndiye anayepanga ratiba, na kila abiria avae boya, hata kama safari inaonekana fupi. Pili, visima vilivyoingiwa na maji ya bahari havitibiwi kwa klorini. Chumvi haiondoki. Hapo fedha ziende kwenye matangi ya kuvunia mvua na mabati.

Timu inayofaa kwa kijiji kimoja ni watu wanane: mafundi wawili wa visima, maseremala wawili, muuguzi mwenye leseni atakayeripoti kwa mganga mkuu wa wilaya, mtunza hesabu, na madereva wawili. Watu wanaweza kwenda kwa treni ya SGR hadi Dar es Salaam na mzigo ukatangulia kwa lori. Kutoka Dodoma hadi Ikwiriri ni karibu kilomita 600 kwa kupitia Morogoro, Chalinze, Mbagala na Kibiti, hivyo lori lipewe siku mbili, na uzito upangwe sawasawa kabla ya mizani ya Mikese na Vigwaza. Njia za mkato za udongo kupitia Kisarawe zinavutia kwenye ramani. Masika si wakati wake. Waumini wasipandishwe juu ya mzigo.

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, Pwani siyo. Miili yetu haijazoea. Kila mmoja alale kwenye chandarua, na homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo, isisingiziwe uchovu wa safari. Buti za mpira zivaliwe hata kwenye maji ya kifundo: kuna kichocho, vigae, na nyoka waliokimbilia vilipo vikavu. Mtoni hakuogwi, mamba na viboko wa Rufiji husogea karibu na makazi maji yanapotanda. Na nyumba za fito na udongo ambazo zimesimama baada ya maji kuondoka si salama kwa sababu zimesimama. Ukuta ulioshiba maji huweza kuanguka siku unapoanza kukauka. Seremala akague, paa liegemezwe kwa nguzo, ndipo vijana waingie na sepetu.

Sasa tuseme la imani, maana hii ni safari ya Wakristo na wengi wa wenyeji wa Rufiji ni Waislamu. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Sisi tunaamini Injili inatangulia hata kanuni hizo. Katika Mathayo 25 Bwana anasema alikuwa na njaa wakampa chakula. Hakuna mahali alipoulizwa dini yake kwanza. Vipaza sauti vya mkutano wa injili vibaki Dodoma. Vipeperushi na vitabu visitiwe ndani ya mfuko wa unga, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kukataa, na asiyeweza kukataa hajakubali. Mtu akiomba kuombewa, aombewe kwa upole. Akiuliza kwa nini mmetoka mbali hivyo, ajibiwe kwa kweli yote. Nyama isipelekwe, kikipikwa kitoweo cha nyama, mchinjaji awe Mwislamu wa hapo. Ugawaji usiwekwe saa ya swala ya Ijumaa, na Ramadhani ikiangukia masika, mgawo ufanyike asubuhi ili futari ikute watu wameshapika. Dada zetu wavae khanga au vitenge vya kufika kifundoni, na mwenyeji asalimiwe kabla ya kuulizwa jina. Wako pia Wakristo wachache Ikwiriri na Kibiti, wenye makanisa madogo. Wapewe kwa orodha ile ile ya kijiji, bila foleni ya mlango wa nyuma, kwa sababu ninyi mtaondoka na wao watabaki na majirani zao.

Siku ya kugawa, tumieni tiketi zenye namba zilizotolewa jana yake na wenyeviti wa vitongoji. Meza nne, dakika tatu kwa kila kaya, na kaya 200 zinakwisha kwa saa mbili na nusu. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu waanze, na wawepo vijana wa kuwabebea. Wekeni mizani mahali pa wazi mtu apime mwenyewe, na bango lenye orodha ya kilichomo mfukoni. Meza ya tano iwe ya malalamiko, ikae mwanamke na mwanaume, kwa kuwa yako mambo ambayo mama hawezi kumwambia mwanaume. Picha za watoto walioshika mifuko yenye jina la kanisa zisipigwe.

Tumeiacha mbegu mwisho kwa sababu ndiyo inayosahaulika, na kwetu ndiyo yenye thamani kuliko yote. Wakulima wa Rufiji wana kilimo wanachokiita mlau. Maji yanapopungua wanapanda kwenye tope jipya, wakishuka taratibu wakiufuata ukingo wa maji, na zao linakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mafuriko yaliyochukua nyumba yameacha rutuba. Lakini yamechukua pia akiba ya mbegu iliyokuwa ghalani, na unyevu ule haungoji: kila wiki inayopita bila kupanda inapunguza mavuno. Mbegu lazima ziwe kijijini kabla maji hayajaondoka kabisa. Kwa kaya yenye nusu eka, kilo 5 za mahindi yasiyochelewa sana kukomaa, kilo 2 za kunde au choroko, mbegu za maboga na mboga, jembe lenye mpini na panga. Chagueni mbegu kama Staha au TMV-1, ambazo zinafaa nyanda za chini na mkulima anaweza kuhifadhi mbegu ya msimu ujao, badala ya chotara inayomrudisha dukani kila mwaka. Mfuko uwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya kupimwa uotaji. Afisa kilimo wa kata aulizwe kwanza. Akisema wakulima wake wanataka aina nyingine, nunueni hiyo.

Kwa kamati ambazo tayari zimejaza chumba cha kanisa marobota ya nguo: zichambueni hapa hapa, nzuri ziuzwe mnadani Dodoma, na fedha ziende kununua majembe na mbegu. Waumini waambiwe Jumapili inayofuata kiasi kilichopatikana na kijiji kilichopokea.

Waratibu wa huduma za jamii katika sharika na parokia,
Dodoma Mjini